Picha, Sauti na Namba za Ukoo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukoo wetu umetawanyika Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na London, na mmoja yuko Toronto, ambaye huamka wakati sisi tumeshakula cha mchana na kupitiwa na usingizi. Grupu la WhatsApp ndilo baraza letu. Mimi nilibebeshwa uadmini, si kwa ujuzi, ila siku hiyo nilikuwa ndiye niliyeshika simu. Tangu hapo naulizwa maswali yale yale, kwa sauti, kwa maandishi na hata msibani. Nimeyakusanya hapa. Jambo likiwa limeshajibiwa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Simu imejaa, haipokei hata picha moja. Nianze kufuta nini?

Usianze kufuta ukiwa na hasira. Nimeona mtu akifuta picha za mwanawe akiwa mchanga, akabakiza video kumi na tano za "asubuhi njema" zenye mawaridi na ndege.

Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kudhibiti nafasi ya kuhifadhi. Pale utaona kila grupu limekula nafasi kiasi gani, na mafaili makubwa yamewekwa peke yake. Mara nyingi mhalifu ni grupu la kamati ya harusi iliyokwisha zamani, na bibi harusi sasa ana watoto wawili. Futa huko kwanza. Halafu zima upakuaji wa moja kwa moja, ili picha na video zishuke pale tu unapozigusa. Bando nalo litadumu.

Picha ziko kwenye simu yangu. Si ndiyo zimehifadhiwa?

Hapana. Ziko tu.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kivuko cha Pangani, nimeinama kufunga kamba ya kiatu, simu ikanichomoka mfuko wa shati ikaingia majini. Simu nilinunua nyingine. Lakini mle ndani mlikuwa na sauti kumi na nne za shangazi, alizonirekodia akinielekeza mapishi na kunisimulia nani alimwoa nani. Shangazi alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Zilizosalia ni tatu, kwa sababu hizo tatu niliwahi kumtumia binamu aliye Muscat, ambaye hafuti kitu.

Tangu siku ile kanuni yangu ni hii: kitu hakijahifadhiwa mpaka kiwe mahali pawili, na mtu mwingine asiyekuwa mimi ajue kilipo. Sehemu ya pili ndiyo watu huisahau.

Nakala rudufu, ile nakala ya akiba ya soga na picha, inakaa wapi, na ni bure?

Kwa simu za Android inakaa kwenye akaunti yako ya Google, na kwa iPhone inakaa iCloud. Google hutoa GB 15 bure, Apple hutoa GB 5. Zile GB 15 zinagawanywa na barua pepe, picha na mafaili yako yote. Picha zilianza kuhesabiwa ndani yake tarehe 1 Juni 2021, na nakala za WhatsApp za Android zikafuata mwaka 2024. Ndiyo maana watu waliokuwa hawana shida sasa wanaambiwa nafasi imekwisha. Na ikijaa, hata barua pepe hazipokelewi tena, kwa hiyo usilipuuze lile onyo.

Ufumbuzi wa bei nafuu ni kuondoa video kwenye nakala ya WhatsApp. Soga, sauti na picha ni vyepesi; video ndizo mizigo. Na nakala ifanyike kwenye waifai, usiku, simu ikiwa kwenye chaji.

Flashi na memori kadi je?

Ni sawa kama mahali pa pili, usizifanye mahali pekee. Za bei ya ajabu barabarani mara nyingi ni za uongo: zimeandikwa GB 128, nafasi halisi haifiki robo yake, na zikijaa huanza kuandika juu ya vya zamani bila kukwambia. Ukinunua, ijaze kwanza kwa vitu usivyovijali, kisha jaribu kuvifungua.

## Kupanga vitu ili vionekane

Mafaili niyape majina gani?

Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu maneno mawili matatu: 2023-08-12 harusi Mombasa. Ukiandika hivyo, simu na kompyuta zitavipanga vyenyewe kwa mfuatano wa wakati. Ukianza na siku, tarehe 12 za miaka yote zitakaa pamoja.

Folda moja kwa mwaka inatosha, na ndani yake folda za matukio makubwa tu. Niliwahi kuwa na folda ndani ya folda ndani ya folda, mpaka nikawa natafuta mwenyewe nilichokificha mwenyewe.

Kwa majina ya watu, weka ubini. Kwetu kuna Ali wanne. "Ali Mkubwa" anajulikana leo. Baada ya miaka ishirini kila Ali atakuwa mkubwa.

Nina picha za zamani za karatasi. Nizifanyeje?

Zipige kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila flashi, picha ikiwa imelazwa mezani na simu imesimamishwa sawasawa juu yake. Piga na mgongo wake. Mgongoni ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na ule mwandiko wa "kwa kumbukumbu, mpenzi dada". Mwandiko huo una thamani kuliko sura iliyofifia.

Kisha, kabla ya kitu kingine chochote, kaa na mzee anayewajua walio pichani. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia. Usitume grupuni ukiuliza "hawa ni nani?", maana utapata majibu saba yanayopingana na ugomvi mmoja. Mpelekee mzee mmoja, kisha wa pili, bila kumwambia wa kwanza alisemaje. Wakilingana, andika.

Sauti za WhatsApp nizihifadhi vipi? Sizioni kwenye simu.

Zipo, ila zimejificha. Kwenye Android huitwa kwa majina kama PTT-20180304-WA0007, na hizo tarakimu nane za mwanzo ni tarehe. Gusa sauti uitakayo kwenye soga, ishikilie, chagua kushiriki, kisha ipeleke kwenye barua pepe yako au Google Drive. Hapo hapo ipe jina: nani anasema, anasema nini.

Mzee anaposimulia jambo kwa sauti, usingoje kupata nafasi. Picha za watu tunazo nyingi mno. Sauti zao ni chache, na hakuna anayekumbuka kuzitunza mpaka azihitaji.

Mimi naandika: mashairi, shajara, habari za wazee. Vimetapakaa kila mahali.

Wengi hujitumia wenyewe ujumbe WhatsApp. Si vibaya, lakini lichukulie hilo kuwa kapu la sokoni: unalibeba njiani, ukifika nyumbani unalimwaga. Chagua siku moja ya juma ya kulimwaga kwenye hati moja ya mwaka. Hati moja, yenye tarehe kwa kila ingizo. Utatafuta kwa neno ukitaka, hakuna haja ya folda mia.

Shairi unalolisanifu upya lipe namba ya toleo. Ninamjua mtunzi mwenye faili liitwalo "la mwisho", jingine "la mwisho kabisa", na la tatu "la mwisho wallahi". Lililochapwa kwenye kadi za harusi lilikuwa la kwanza.

Vyeti, hati za kiwanja na vitambulisho?

Vipige kwa programu ya kuskani, viwe PDF, vikae kwenye folda yake yenye kufuli. Kisitumwe grupuni hata kimoja. Grupu la watu themanini ni simu themanini, na baadhi huchezewa na watoto au huachwa kwa fundi. Ukilazimika kumtumia mtu picha ya kitambulisho, mtumie yeye peke yake, na akishakitumia kifutwe pande zote mbili.

## Namba, laini na akaunti

Kila nikibadili simu napoteza namba za watu. Kwa nini?

Kwa sababu zimehifadhiwa kwenye laini au kwenye simu yenyewe. Kwenye mipangilio ya majina chagua zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google au iCloud; ukiingia na akaunti hiyo kwenye simu mpya, zitashuka zenyewe. Na kila namba iandikwe na alama ya nchi: +255, +254, +968, +44. Namba inayoanza na sifuri inafanya kazi nyumbani tu. Ukifika Muscat inakuwa tarakimu tupu.

Andika pia namba tano muhimu kwenye karatasi. Nauliza mara kwa mara nani anajua namba ya mkewe kwa kichwa. Kimya.

Nimebadili namba. WhatsApp ya zamani itakuwaje?

Tumia kipengele cha kubadilisha namba kilicho kwenye mipangilio ya akaunti. Soga na magrupu yako yatahamia kwenye namba mpya. Ukiitelekeza tu, WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Laini nayo isipotumika kwa muda hufungwa na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo itoe namba ya zamani kwenye benki, barua pepe na kila mahali inapotumika kukuthibitisha, kabla hujaiacha.

Binamu ananiomba nimtumie tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Nimpe?

Usimpe. Huyo si binamu. Binamu ameshaibiwa akaunti yake, na sasa ni zamu yako. Zile tarakimu sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, baada ya nusu saa ndugu wote watapata ujumbe kutoka kwako wa kuomba mkopo wa haraka. Ni dada wa ile meseji ya matapeli ya "hela tuma kwenye namba hii", amevaa nguo mpya tu.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo: unaweka namba ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe pekee. Halafu angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp moja huweza kuunganishwa na vifaa vinne vya ziada, na ukiona kompyuta usiyoijua, itoe.

Ukiwa umeshaibiwa, isajili WhatsApp upya kwa namba yako mara moja. Ukiingiza msimbo mpya, yaani tarakimu sita utakazotumiwa kwa meseji, mwizi anatolewa. Ikiwa ameshaweka namba yake ya siri utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye atakuwa nje. Wakati huo pigia watu simu za kawaida uwatahadharishe. Kwa Tanzania, meseji ya utapeli itume kwenda 15040, na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengine wamekuta laini wasizozijua.

Ndugu ameandika anaomba pesa na namba ni yake kweli. Nitajuaje?

Mpigie usikie sauti. Hakuna njia bora. Asipopokea, muulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua: jina la utani la babu, au nani alianguka kisimani. Ndugu wa kweli atacheka.

## Kukutana mtandaoni

Tukipanga kikao, kila mtu anaingia saa yake. Kosa liko wapi?

Makosa ni mawili, na yanapandana.

La kwanza ni saa zetu. Ukiandika "saa mbili usiku", sisi tunaelewa. Mtoto aliyezaliwa London anasoma mbili, anaweka kengele ya saa nane za usiku. Andika kwa namna zote mbili: saa mbili usiku, yaani 20:00 kwa saa za Tanga.

La pili ni majira. Ikiwa saa mbili usiku Tanga na Mombasa, Muscat ni saa tatu, mwaka mzima. London ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi, kwa kuwa wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Toronto ni saa sita mchana au saa saba, nao husogeza kwa tarehe nyingine kabisa. Hivyo mwezi Machi kuna majuma mawili au matatu ambapo kila mtu anakosea kwa haki.

Siku nayo ina hesabu yake. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, sisi ni Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo wote tuko nyumbani. Tumegombana miaka miwili kabla ya kuliona hilo.

Nikimpigia shangazi wa Muscat kwa WhatsApp haiiti. Amenizuia?

Hajakuzuia. Oman kwa miaka mingi simu za sauti na video za WhatsApp zimekuwa zikifungwa na mitandao ya huko, na Falme za Kiarabu ni hivyo hivyo. Meseji, picha na sauti za kurekodi zinapita. Kwa hiyo rekodi, mtumie, ngoja jibu. Mazungumzo huwa kama barua, na kusema kweli yana utulivu wake. Zaidi ya hayo, sauti zinabaki. Rudi kwenye jibu la kuhifadhi sauti hapo juu.

Intaneti ikikatika kabisa tunafanyaje?

Hutokea, na si kosa la simu yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikapwaya. Tanzania iliumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania ikachukua siku kadhaa kurudi. Waliokuwa nje walikesha wakitazama alama moja ya tiki kwenye meseji zao.

Pangeni kabla. Sisi tumekubaliana mtu mmoja wa London ndiye hupiga simu ya kawaida kwa mtu mmoja wa Tanga, naye huzunguka kuulizia wengine, kwa miguu ikibidi. Wawili hao wana namba za karatasi, kama nilivyosema kwenye jibu la namba.

Habari ya msiba niiweke grupuni mara moja?

Hapana, na hapa sina mzaha. Tuliwahi kuwa na mtu aliyejua kifo cha mama yake akiwa kazini, kwa kuona "Innalillahi" thelathini mfululizo kabla ya mtu yeyote kumpigia. Watoto, mume au mke, na ndugu wa tumbo moja wapigiwe kwanza. Mmoja wao, au aliyeagizwa nao, ndiye aandike grupuni. Admini akiona imewekwa mapema, aifute bila kuomba ruhusa.

Grupu limekuwa soko. Nitatokaje bila kuudhi watu?

Tangu 2022 ukitoka, wanaoarifiwa ni maadmini tu. Lakini ukweli ni kwamba mtu akitafuta ataona. Bora ulinyamazishe na uliweke kwenye kumbukumbu (archive). Kama wewe ni admini, fungua grupu la pili la matangazo ambalo maadmini pekee huandika: misiba, harusi, wagonjwa, michango. La kwanza libaki la porojo. Nani alituma nini kwenye michango iandikwe kwenye orodha moja inayosasishwa, isinakiliwe upya na kila mchangiaji, maana mwishowe jina la mtu huanguka, na hilo halisameheki.

## Mambo ya pembeni

Mtu akifariki, simu na akaunti zake tuzifanyeje?

Msikimbilie kuikata laini wala kumpa mjukuu simu aisafishe. Kwanza toeni picha, sauti na majina ya watu. Laini ikifa, misimbo ya kufungulia akaunti haina pa kuingilia. Siku 120 zikipita akaunti ya WhatsApp hufutwa, na jina la marehemu hutoka kwenye grupu. Ilitupata. Watu walilia upya.

Ukiwa hai, jiandalie. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na unataja watu wasiozidi 10 watakaojulishwa na kupewa utakavyoviruhusu. Usipopanga, Google inaweza kuifuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2. Apple na Facebook nao wanakuruhusu kumtaja mrithi. Na daftari la manenosiri kabatini, lililofungwa kwa ufunguo, si ushamba. Wezi wa mtandaoni hawafiki kabatini.

Sitaki picha za wanangu zisambazwe. Ndugu hawaelewi.

Sema mara moja, kwa upole, grupuni, kisha mfuate faraghani anayerudia. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2023, na Kenya inayo yake ya 2019, lakini huwezi kumshitaki mama mkwe. Mpe picha mbili ulizozichagua mwenyewe za kuweka anapotaka.

Nauza simu ya zamani. Kuna la kufanya kwanza?

Hakikisha nakala imekamilika kwa kuifungua kwenye simu nyingine, toa akaunti zako, kisha rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Kama bei ni ya kutupa, usiiuze. Ichaji kila miezi michache na iwe mahali pako pa tatu.

Tunaweza kuzisikia zile sauti tatu za shangazi?

Mnaweza. Niandikieni pembeni, si grupuni. Ya kwanza ni ya ndoa ya babu. Ya tatu ananigombeza kwa kutopiga simu. Ya pili ni ya mkate wa kumimina, na inakatika kidogo pale kwenye hamira kwa sababu jogoo aliwika. Binamu alitaka kumwondoa jogoo. Nimekataa.